Shamba la Anathothi: Ahadi ya Mungu katika mji uliozingirwa



Kuna swali ambalo limekuwa likiturudia tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari uliofuata. Kwa kweli swali hilo ni la zamani kuliko miezi hiyo, kwa maana wazazi wetu waliliuliza mwaka 1996, wakaliuliza tena mwaka 1998. Nalo ni hili: kwa nini tujenge, ikiwa hatujui ni nani atakayelala ndani ya nyumba? Kwa nini kijana alipe karo ya chuo, alime shamba, au apeleke mahari kwa wakwe, ikiwa kesho huenda akabeba godoro kichwani na kukimbia? Pamoja na swali hilo huja lingine, ambalo wengi wetu hulisema kwa sauti ya chini: ikiwa Mungu ndiye mtawala wa vyote, mbona wanaoonekana kutawala ni wenye bunduki?

Hatutaki kuyajibu maswali hayo kwa maneno ya kubembeleza. Tumeona ni heri kusimulia habari ya mtu mmoja aliyenunua shamba wakati shamba hilo lilikuwa limekwisha kukanyagwa na adui. Mtu huyo ni nabii Yeremia. Habari yake tunaisoma katika Maandiko Matakatifu, na mengi yanayoizunguka yamethibitishwa na vibao vya udongo na vigae vilivyofukuliwa ardhini katika miaka hii mia na zaidi iliyopita.

Nyasi kati ya fahali wawili

Yeremia alikuwa mtu wa Anathothi, kijiji cha makuhani katika nchi ya Benyamini, mwendo wa kilomita kama 5 kaskazini-mashariki ya Yerusalemu. Aliitwa kuwa nabii katika mwaka wa 13 wa mfalme Yosia, yaani mwaka 627 kabla ya Kristo (K.K.), naye alijitetea mbele ya Mungu kwamba alikuwa bado kijana na hakujua kusema. Tangu mwanzo, basi, habari hii ni habari ya kijana.

Zama zile Yuda ulikuwa ufalme mdogo uliobanwa kati ya dola kubwa. Upande wa kusini ilikuwako Misri. Upande wa kaskazini ilikuwako Ashuru, na baada yake Babuloni. Wahenga wetu walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na Yuda ilikuwa nyasi. Mwaka 609 K.K. mfalme Yosia aliuawa Megido na Farao Neko. Mwaka 605 K.K. Nebukadneza wa Babuloni aliwashinda Wamisri huko Karkemishi, kwenye mto Eufrate. Tangu siku hiyo wafalme wa Yuda walibaki kuyumba: leo walilipa kodi Babuloni, kesho waliyategemea magari ya vita ya Misri.

Mwaka 597 K.K. Nebukadneza alifika mbele ya Yerusalemu. Mfalme Yekonia, kijana wa miaka 18 aliyekuwa ametawala miezi 3 tu, alijisalimisha. Kibao cha udongo cha Wababuloni wenyewe, kilichohifadhiwa leo London, kinataja kutekwa kwa mji huo, kukamatwa kwa mfalme wake na kuwekwa kwa mfalme mwingine. Walichukuliwa mateka mfalme na mama yake, wakuu wa nchi, mafundi na wahunzi. Adui alijua alichokuwa akifanya: ukiondoa mafundi na wasomi katika nchi, umeiacha bila mikono. Juu ya mabaki ya watu akawekwa Sedekia, baba mdogo wa Yekonia, na mgawanyiko ukaanza: wako waliopelekwa mbali, na wako waliobaki, na kila upande ulijiuliza ni nani kati yao aliyesahauliwa na Mungu.

Manabii wawili, ahadi mbili

Katika mwaka wa 4 wa Sedekia, nabii Hanania wa Gibeoni alisimama Hekaluni mbele ya makuhani na watu wote. Yeremia alikuwapo, amejivika nira ya mti shingoni, ishara ya utumwa wa Babuloni. Hanania akatangaza kwa jina la Mungu kwamba nira hiyo imevunjwa. Katika muda wa miaka 2 tu, alisema, vyombo vya Hekalu vitarudi, na mfalme Yekonia atarudi, na mateka wote watarudi. Kisha akaitwaa nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja hadharani.

Hebu tuwe wakweli. Kama tungekuwapo siku ile, tungempigia makofi nani? Ni mama gani ambaye mwanawe yuko uhamishoni asingemwamini Hanania? Yeremia mwenyewe aliitikia kwa kusema Amina, akatamani kwamba Mungu afanye hivyo. Hakuwa mtu aliyefurahia mabaya. Alilia sana juu ya watu wake, hata vizazi vilivyofuata vikamwita nabii wa machozi. Lakini baadaye alirudi kwa Hanania na neno lingine: umevunja nira ya mti, na mahali pake umeweka nira ya chuma. Hanania alifariki mwezi wa 7 wa mwaka uleule. Miaka yake 2 ilipita, na hakuna aliyerudi.

Katika siku hizo za Sedekia Yeremia aliwaandikia barua mateka walioko Babuloni, akaipeleka kwa mikono ya wajumbe wawili wa mfalme, Elasa na Gemaria. Barua hiyo ni mojawapo ya maandishi ya ajabu ya Agano la Kale. Haikuwaambia mateka wachukue silaha, wala haikuwaambia wakae juu ya masanduku yao wakingojea safari. Iliwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula mazao yake, waoe na kuolewa, wazae watoto na kuwaoza watoto wao. Tena wautakie amani mji uleule waliofungwa ndani yake, na kuuombea. Kuhusu kurudi, barua ilisema waziwazi: miaka 70. Baada ya hiyo Mungu angewajia na kulitimiza neno lake jema juu yao, kwa maana alikuwa na mpango wa amani kwa ajili yao.

Maneno hayo ya mwisho tunayapenda sana. Tunayaandika kwenye fulana zetu na kwenye kuta za vyumba vyetu. Lakini tukumbuke kwamba yaliandikwa pamoja na ile hesabu ya miaka 70. Kijana wa miaka 20 aliyeisikia barua ikisomwa kando ya mfereji wa Babuloni alielewa mara moja kwamba yeye binafsi hatarudi. Ahadi ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa kubwa kuliko maisha yake.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya ahadi mbili zile. Ahadi ya Hanania haikumdai mtu chochote: ilitosha kushangilia na kungoja. Ahadi aliyoileta Yeremia ilidai kazi ya kila siku: tofali, jembe, ndoa, malezi, sala kwa ajili ya jirani asiyependwa. Wapenzi vijana, hata leo hawakosekani kina Hanania. Wako wanaotuahidi kwamba baada ya mkesha mmoja, au sadaka moja kubwa, mambo yote yatageuka kabla ya mwisho wa mwezi. Tusiwadharau wanaowakimbilia, kwa maana maumivu hutafuta dawa ya haraka. Ila tujifunze kuuliza: ahadi hii inanituma nifanye nini kesho asubuhi? Ikiwa hainitumi popote, tuiogope.

Waliitii barua

Je, mateka waliitii barua ile? Ardhi yenyewe imetoa ushahidi. Wachimbuzi wa Kijerumani waliofanya kazi katika magofu ya Babuloni tangu mwaka 1899 walipata vibao vidogo vya udongo vya ghala la mfalme, vinavyoorodhesha mafuta yaliyogawiwa wafungwa na wageni. Vibao hivyo, vilivyochapishwa mwaka 1939, vinamtaja Yekonia mfalme wa Yuda, pamoja na wana wake 5. Mtu aliyeingia kifungoni na umri wa miaka 18 alikuwa amekwisha kuwa baba wa watoto watano. Mfalme asiye na kiti, anayepimiwa mafuta na mtunza ghala wa adui, analea watoto! Kwa macho ya dunia hilo si jambo la kuandikwa. Lakini fungueni ukurasa wa kwanza wa Injili ya Matayo, msome ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo: jina la Yekonia limo, na baada yake Shealtieli na Zerubabeli. Ahadi aliyopewa Daudi ilipita katika nyumba ya mfungwa.

Vibao vingine vinatoka kijiji kimoja cha nchi ya Babuloni kilichoitwa Mji wa Yuda, kwa sababu ya watu waliokaliishwa hapo. Kilicho cha kwanza kati yake ni cha mwaka 572 K.K. Humo tunawakuta watu wenye majina ya Kiyahudi wakilima shayiri, wakitunza mitende, wakikodisha mashamba, wakikopeshana na kulipa kodi. Waliishi, na katika kuishi huko walilinda imani: majina waliyowapa watoto wao yanaendelea kulitaja jina la Mungu wa Israeli.

Hati katika mtungi

Turudi sasa Yerusalemu. Sedekia aliasi, na mwanzoni mwa mwaka 588 K.K. jeshi la Babuloni liliuzingira mji kwa mara nyingine. Miji yenye ngome ilianguka mmoja baada ya mwingine, hata ikabaki Lakishi na Azeka tu. Mwaka 1935, katika lango lililoungua la Lakishi, vilipatikana vigae vilivyoandikwa kwa wino, barua za askari wa siku zile. Katika kimojawapo askari anamwarifu mkubwa wake kwamba wanaangalia ishara za moto za Lakishi, kwa kuwa za Azeka hawazioni. Wanaojua kungoja simu ya ndugu aliye upande wa pili wa mapigano, simu isiyolia tena, wataelewa uzito wa habari hiyo.

Katika hofu ya mwanzo wa kuzingirwa, matajiri wa Yerusalemu walifanya agano mbele ya Mungu wakawaacha huru watumwa wao Waebrania. Kisha jeshi la Misri lilikaribia, Wababuloni wakaondoka kwa muda, na watu wakapumua. Mara moja wale matajiri wakawarudisha watumwa wao kwa nguvu. Yeremia aliwakemea kwa ukali kwa sababu ya hilo. Nasi tujichunguze hapa, kwa maana tunajua nadhiri zinazowekwa chini ya kitanda mabomu yakipita, na tunajua zinavyosahauliwa barabara zikifunguliwa.

Wababuloni walirudi. Yeremia aliyakataa matumaini ya uongo, na kwa hiyo alihesabiwa kuwa msaliti. Alipojaribu kutoka kwenda nchi ya Benyamini kwa ajili ya fungu lake la urithi, alikamatwa langoni, akapigwa, akafungwa. Baadaye wakuu walimtumbukiza katika kisima kisicho na maji, akazama katika matope. Wawili kati ya wakuu waliomshtaki, Yehukali mwana wa Shelemia na Gedalia mwana wa Pashuri, mihuri yao ya udongo imepatikana Yerusalemu mwaka 2005 na mwaka 2008. Walikuwa watu wa kweli, wenye ofisi na mihuri. Na aliyemwokoa nabii alikuwa Mwafrika: Ebedmeleki Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini ya Misri, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Alimwendea mfalme bila woga, akaomba ruhusa, akatafuta matambara makuukuu ili nabii ayaweke kwapani kamba zisimchubue, kisha akamvuta juu pamoja na watu aliopewa. Mungu mwenye kutawala mataifa alifanya kazi yake siku ile kwa mikono ya mgeni mmoja aliyefikiria hata matambara.

Basi, katika mwaka wa 10 wa Sedekia, Yeremia akiwa amefungwa katika ua wa walinzi, alijiwa na ndugu yake Hanameli, mwana wa Shalumu ndugu wa baba yake. Hanameli alikuwa na shamba Anathothi, akitaka kuliuza. Na kadiri ya sheria ya Musa, jamaa wa karibu ndiye mwenye haki na wajibu wa kulikomboa ili urithi usitoke katika ukoo. Tufikirie hali ilivyokuwa. Anathothi ilikuwa nje ya kuta, katika nchi iliyojaa jeshi la Babuloni. Mnunuzi alikuwa mfungwa. Fedha ingalifaa kununulia mkate, maana njaa ilikuwa imeanza kuua. Tena watu wa Anathothi, jamaa zake mwenyewe, walikuwa wamekula njama za kumwua Yeremia miaka iliyotangulia kwa sababu ya mahubiri yake. Zaidi ya yote, mnunuzi ndiye yule yule aliyetabiri kwamba mji utaanguka.

Yeremia alilinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, yaani karibu gramu 190, akaandika hati, akaita mashahidi, akatia muhuri. Kisha, mbele ya watu wote waliokuwa wameketi uani, alimkabidhi hati hizo katibu wake Baruku, nakala iliyotiwa muhuri na nakala iliyo wazi, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Akaeleza sababu yake: Mungu amesema kwamba katika nchi hii nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena.

Kila mmoja wetu anajua thamani ya karatasi ya shamba. Tunajua jinsi mama anavyoikunja katika nailoni na kuifunga kiunoni siku ya kukimbia. Yeremia alifanya ahadi ya Mungu kuwa karatasi ya namna hiyo: yenye kipimo, bei, mashahidi na muhuri.

Lakini ipo sehemu ya habari hii isomwayo mara chache. Baada ya kuikabidhi hati, Yeremia alisali, na sala yake ni sala ya mtu aliyefadhaika. Alianza kwa kukiri kwamba Mungu ndiye aliyeziumba mbingu na nchi, na kwamba hakuna jambo lililo gumu asiloliweza. Kisha akauonyesha mji: tazama, maboma ya adui yamefika ukutani, upanga na njaa na tauni vimetushika, nawe umeniambia nunua shamba! Alitii kwanza, akauliza baadaye. Hakungoja mashaka yaishe ndipo atie muhuri, wala hakuyaficha mashaka yake baada ya kutia muhuri. Mungu hakumkemea. Alilichukua neno la Yeremia mwenyewe, akamrudishia kama swali: je, liko jambo gumu nisiloliweza?

Kutawala kwa Mungu si kuubariki uovu

Hapa inatupasa kuwa waangalifu. Katika kitabu cha Yeremia Mungu anamwita Nebukadneza mtumishi wake. Neno hilo limewasumbua wengi. Je, lina maana kwamba Mungu anapendezwa na yule anayechoma vijiji na kuwachinja watoto? Hapana. Kitabu hichohicho kinatangaza hukumu kali juu ya Babuloni kwa sababu ya ukatili wake. Nebukadneza alidhani historia ni yake. Nabii anasema kwamba hata yeye ni mfanyakazi wa muda, atakayedaiwa hesabu. Kusema kwamba Mungu ni mtawala ni kusema kwamba hakuna mwenye nguvu aliye na neno la mwisho.

Kwa hiyo tusimwambie kamwe mama aliyefiwa kambini kwamba Mungu ndiye aliyetaka mwanawe afe.  Yeremia alilia pamoja na waliao, aliwataja waovu kwa majina, na hapohapo akatia muhuri hati ya shamba. Mambo hayo matatu yanakwenda pamoja, na anayeondoa mojawapo anaharibu yote.

Wanaume 128

Mji ulianguka mwaka 587 K.K.; wako wataalamu wanaosema 586. Hekalu lilichomwa, kuta zikabomolewa, wana wa Sedekia waliuawa mbele ya macho yake, kisha naye akatobolewa macho. Yeremia alipewa nafasi ya kwenda Babuloni na kutunzwa vizuri, lakini alichagua kubaki na maskini walioachwa nchini. Hata hao, baada ya liwali wao Gedalia mwana wa Ahikamu kuuawa, walikimbilia Misri wakamchukua nabii bila ridhaa yake. Huko ndiko Maandiko yanakomuacha: mzee, mkimbizi, katika nchi ya kigeni. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba aliwahi kulima shamba lake.

Miaka ikapita. Mwezi wa Oktoba 539 K.K. jeshi la Koreshi, mfalme wa Waajemi, liliingia Babuloni. Kuna bomba la udongo lililopatikana katika magofu ya mji huo mwaka 1879, ambalo juu yake Koreshi anajisifu kwamba alizirudisha sanamu na watu makwao. Halitaji Yuda kwa jina, lakini linaonyesha siasa ileile tunayoisoma katika kitabu cha Ezra. Tukihesabu tangu kifo cha Yosia, mwaka 609 K.K., hadi kuanguka kwa Babuloni, tunapata miaka 70. Tukihesabu tangu Hekalu kuchomwa hadi kutabarukiwa jipya mwaka 515 K.K., tunapata zaidi kidogo ya 70.

Na hapa tunafika kwenye ukurasa ambao wasomaji wengi huuruka, kwa kuwa ni orodha ya majina na hesabu. Katika sura ya 2 ya Ezra, na tena katika sura ya 7 ya Nehemia, wameandikwa waliorudi kutoka uhamishoni, kila mtu kadiri ya mji wake. Kati ya Netofa na Azmawethi mwandishi ameweka jina moja na tarakimu moja: wanaume wa Anathothi, 128.

Ni hayo tu. Hakuna maelezo, hakuna shangwe. Lakini anayeikumbuka hati iliyo katika mtungi hawezi kuupita mstari huo bila kusimama. Kijiji kilichotaka kumwua nabii kilirudishwa. Walirudi wajukuu na vitukuu wa watu waliojenga nyumba ugenini na kuoza watoto wao kwa sababu ya barua moja. Yeremia hakuwaona. Alikuwa amewalipia shekeli 17.

Aliyepanda kwetu

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya kale tu. Katika mji wa Goma aliishi kijana mmoja, Floribert Bwana Chui. Alisoma sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, akawahudumia watoto wa barabarani na kuwasaidia wapate masomo. Alipopata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani, alitakiwa apokee fedha ili aachilie chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26.

Kwa hesabu ya dunia, kukataa kwake kulikuwa sawa na kununua shamba lililotekwa. Nchi imejaa rushwa. Mtu mmoja ataokoa nini? Lakini tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, miezi michache tu baada ya mji wake wa Goma kupita katika moto mwingine. Wapo pia wasiojulikana waliokula chakula kizuri mwaka ule wakaishi, bila kujua ni nani aliyewalipia.

Turudi kwenye swali letu

Tuliuliza kwa nini tujenge, ikiwa hatujui ni nani atakayelala ndani ya nyumba. Habari ya Anathothi haituambii kwamba tutalala ndani yake sisi. Inatuambia kwamba yuko Mungu anayewajua watakaolala ndani yake, na kwamba amekwisha kuwahesabu. Kumtumaini ni kutenda leo kazi inayolingana na ahadi yake, hata kama maboma ya adui yanaonekana dirishani. Anayesoma kwa mshumaa, anayefundisha watoto katika hema la kambi, anayekataa bahasha, anayepanda mti wa parachichi ambao hana hakika kama atauchuma, anayemsamehe jirani wa kabila lingine ili watoto wao wapate kucheza pamoja: hao wote wanaweka hati katika mtungi.

Tena tusione aibu kusali kama Yeremia alivyosali, muhuri ukiwa bado na unyevu na moyo ukiwa na mashaka. Mungu anayependa ukweli huipokea sala hiyo.

Kwa ajili ya mazungumzo katika kikundi, tunapendekeza maswali haya matatu. Ni ahadi gani za haraka zinazotuvuta siku hizi, na zinatudai nini? Katika parokia yetu, ni nani aliye kama Ebedmeleki, mgeni au mtu mdogo ambaye Mungu amemtumia kututoa matopeni? Na kila mmoja wetu, ni kazi gani aliyoiacha kwa sababu ya vita ambayo anaweza kuianza tena wiki hii, hata kama matunda yake yataliwa na wengine?

Bwana aliyewahesabu wanaume 128 wa Anathothi awahesabu pia vijana wetu, walio nyumbani na walio makambini, walio hai na waliolala katika tumaini la ufufuko. Amina.